Mbegu Isiyo na Akiba: Kuotesha Okidi Katika Nyumba za Mishomoroni

(Mhadhara uliotolewa Mishomoroni, Kisauni, mbele ya walimu, wanafunzi, wenye vitalu vya maua na wakazi wa mtaa)

    

Nia yangu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba okidi inaweza kuoteshwa kwa mbegu ndani ya nyumba ya kawaida ya hapa kwetu, kwa vyombo vya jikoni, na kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwa na ua hili uani bila kulibandua msituni. Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, na ya tatu ndiyo yenye kazi. Wenye kalamu wazishike hapo.

Hoja ya kwanza: okidi tunazo, na tunazimaliza

Ukimtajia mtu wa Mombasa okidi, atafikiria lile ua la mezani hotelini, jeupe au la zambarau, limesimama kwenye chungu cha kauri. Hilo mara nyingi ni Phalaenopsis au Dendrobium, na asili yake ni Asia. Ni zuri, silikatai. Lakini pwani hii ina okidi zake tangu kabla ya Fort Jesus.

Iko Ansellia africana, ambayo leo nitaiita okidi chui kwa sababu ya maua yake ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia. Hukaa juu ya mikoma, mibuyu na miti mingine mikubwa. Mkipata nafasi ya kuitazama kwa karibu, msianze na maua, tazameni mizizi. Iko ile inayoshika gome la mti, na iko mingine myembamba, myeupe, migumu, iliyosimama wima kuelekea juu kama sindano. Hiyo ya juu hunasa majani makavu yanayoanguka, yanaoza papo hapo, na mmea unajilisha kwa mboji hiyo bila kugusa ardhi. Mti nao haunyonywi chochote. Nasisitiza hili kwa sababu bado wako watu wanaoziondoa okidi kwenye miembe yao wakidhani ni kupe wa mti.

Iko pia Angraecum giryamae, mmea mkubwa wenye majani mapana kama mikanda, unaoota juu ya miti na juu ya mawe ya matumbawe karibu na bahari. Maua yake meupe yenye ukijani hunukia usiku. Jina hilo la Wagiriama lilitolewa na Alfred Rendle, mtaalamu wa mimea wa Uingereza. Na vichakani iko vanila ya kwetu, Vanilla roscheri, isiyo na majani ya kuonekana. Shina lake nene la kijani hutambaa juu ya miti hata usitarajie ua, kisha siku moja linatoa maua meupe makubwa.

Sasa, okidi hizi hufikaje kando ya barabara kuuzwa? Mtu hupanda mti na panga, akakata fundo zima lenye umri mkubwa kuliko wake, akalitia guniani. Mizizi inabaki kwenye gome. Mnunuzi analipeleka nyumbani, analitia kwenye chungu cha udongo wa kawaida, analimwagilia maji kila jioni kwa mapenzi yote, na fundo linaoza. Mwaka unaofuata anarudi kununua jingine.

Tanzania wameliona jambo hili kwa sura nyingine. Katika nyanda za juu za kusini, viazi vya okidi za ardhini vilichimbwa kwa wingi na kusafirishwa hadi Zambia, ambako huviponda na kupika chakula kinachoitwa chikanda. Ukichimba kiazi umeua mmea, na kama umeuchimba kabla haujatoa mbegu umeua na kizazi chake. Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Kwetu, misitu ya Kaya za Mijikenda imeingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, lakini kabla ya UNESCO walikuwapo wazee wa kaya, na amri yao ilikuwa fupi: usikate, usitoe. Biashara ya okidi zote baina ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa CITES. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 nayo inagusa mimea ya porini. Sitawasomea vifungu. Nataka tu mtu asije akatoka hapa akasema mwalimu alitutuma msitu wa Shimba Hills na panga.

Hoja ya pili: kwa nini mbegu hii haioti ukiirusha tu

Hiki ninachokizungusha kwenye kijibakuli ni kitunda cha okidi kilichopasuka. Tafadhali msipumue kwa nguvu. Vumbi hilo la rangi ya krimu ndani yake ni mbegu. Kitunda kimoja huwa na maelfu, na katika aina fulani mamilioni. Mmea umeweza kuzitengeneza nyingi hivyo kwa kuzinyima kitu kimoja: chakula. Mbegu ya kunde, ya mahindi, hata ya mchicha, imefungashiwa akiba ya kuanzia maisha. Mbegu ya okidi ni kiinitete cha seli chache ndani ya ganda jepesi. Upepo unaibeba mbali, ikitua haina hata tonge.

Nani basi anailisha? Kwa muda mrefu Wazungu wenye mabustani makubwa hawakujua. Walizinyunyiza mbegu chini ya mmea mama, chache zikaota, nyingi zikapotea, nao wakaona ni bahati. Mwaka 1899 kijana Mfaransa, Noël Bernard, alikuta katika msitu wa Fontainebleau miche midogo sana ya okidi ikiota ndani ya kitunda kilichofukiwa na majani. Alipoikata na kuiweka chini ya hadubini aliona kila mche una nyuzi za kuvu ndani yake. Kuvu ndiyo iliyokuwa ikiulisha. Inaingia kwenye mbegu, na mbegu badala ya kuoza inaigeuza chakula. Bernard alifariki 1911 kabla ya kutimiza miaka 40, lakini mlango alikuwa ameshaufungua.

Sisi wa upande huu wa Kisauni hatupaswi kushangaa kwamba mmea unahitaji mwenza asiyeonekana. Tuna Haller Park pale Bamburi. René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji, mivinje ilishika juu ya mwamba mtupu kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vinavyoipatia naitrojeni kutoka hewani. Halafu likaja tatizo la pili: majani yake yalianguka na hayakuoza. Akaleta majongoo wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa udongo. Watoto wetu huenda kule kutazama twiga na viboko. Waonyesheni na majongoo.

Turudi kwenye mbegu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitangaza kwamba kuvu si lazima, mradi mbegu ipewe kile ambacho kuvu ingeiletea, hasa sukari. Akazipanda ndani ya chupa, juu ya agari yenye sukari na chumvichumvi za madini. Zikaota. Miaka sita baadaye, 1928, Eric Holttum wa Bustani ya Mimea ya Singapore akaanza kutumia njia hiyo kuzalisha okidi chotara. Nawaomba muifikirie Singapore vizuri: mji wa bandari, joto, unyevu, karibu na ikweta, hewa ya chumvi. Hali yake ya hewa si mbali na yetu. Leo kuna watu hupanda ndege kwenda huko kutazama okidi tu. Na Thailand, inayouza maua ya okidi duniani kote, maabara nyingi zilizoea kupandia mbegu ndani ya chupa bapa za wiski zilizokwisha kunywewa. Sisemi tukazitafute. Chupa ya jemu inatosha, na haitamtia mtu maswali nyumbani.

Kuna shida moja, nayo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Chakula kinachootesha mbegu ya okidi huotesha pia ukungu na bakteria, tena wao huota kwa siku mbili ambapo okidi huhitaji wiki kadhaa. Kwa hiyo asilimia kubwa ya ustadi tunaoutafuta ni usafi. Anayejua kufungasha achari ikakaa mwaka bila kuharibika ameshafika nusu ya safari, na ndiyo maana naona mama zetu watawashinda wasomi katika jambo hili.

Hoja ya tatu: jikoni panatosha

Tuanze na kitunda, maana hakiji chenyewe. Okidi nyingi uani hazipati mdudu wake. Mnakumbuka habari ya vanila: ililetwa visiwa vya Bahari ya Hindi kutoka Meksiko ikachanua bila kuzaa, mpaka mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, aitwaye Edmond Albius, alipoonyesha namna ya kuliinua kwa kijiti lile pazia linalotenga chavua na sehemu ya kike, kisha kuzikutanisha kwa kidole gumba. Vanila yote ya Komoro, Madagaska na Uganda hadi leo huchavushwa kwa njia hiyo. Sisi tunatumia kijiti cha meno. Katikati ya ua kuna nguzo fupi. Kwenye ncha yake iko kofia ndogo. Iguse kwa kijiti kutoka chini, kofia itabanduka na vibonge viwili au zaidi vya manjano vitanata. Vipeleke kwenye kishimo chenye utomvu kilicho chini kidogo ya hapo, ikiwezekana katika ua la mmea mwingine wa aina ileile. Ua likinyauka na shingo yake ikaanza kuvimba, umefaulu.

Usingoje kitunda kipasuke. Kikiwa kijani bado, kimekomaa lakini hakijafunguka, ndani yake ni safi kabisa, hamna kijidudu. Kwa Phalaenopsis ni kuanzia miezi minne hivi. Okidi nyingine huchukua muda zaidi, na utazijua kwa kuweka kumbukumbu. Ukiwa na kitunda kijani unasafisha ngozi ya nje tu. Kikishapasuka inabidi uoshe mbegu zenyewe kwa Jik iliyozimuliwa, na hapo utaua nyingi.

Chakula chake ni hiki, kwa lita moja. Maji ya mvua, gramu 20 za sukari, gramu 7 au 8 za agari, na gramu moja ya mbolea ya maua inayoyeyuka majini. Agari ni ileile mnayopikia faluda mwezi wa Ramadhani. Muulizeni muuza viungo. Tena ongezeni maji ya dafu, kama mililita 100 hadi 150, mkipunguza kiasi hicho katika yale ya mvua. Hili si la kujipendelea kwa sababu ni watu wa minazi. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walionyesha kwamba maji ya nazi huvisukuma viinitete vichanga vya mnanaha vikue nje ya mbegu, na tangu hapo maabara za dunia zimekuwa zikiyanunua kwa bei ambayo mkwezi wa Kisauni angecheka. Pimeni asidi kwa karatasi za kupimia: tunataka pH ya 5.5 hivi. Ikishuka sana agari haitashika, utabaki na uji.

Chemsha mpaka agari iyeyuke, mimina kwenye chupa za kioo kimo cha vidole viwili vya kulaza, funika bila kukaza, tia kwenye sufuria ya presha. Tangu presha ianze kupiga, hesabu dakika 20. Maji ya kuchemka peke yake hayatoshi. Mbegu za bakteria huvumilia nyuzi 100, hufa kwenye 121. Acha ipoe yenyewe. Baada ya siku tatu chupa yoyote yenye doa itupwe.

Kupanda hufanywa ndani ya sanduku la plastiki linaloonyesha ndani, la kuhifadhia nguo, lililolazwa ubavu na kutobolewa matundu mawili ya mikono. Lipangusie Jik iliyozimuliwa ndani yote. Funga madirisha. Zima feni. Nasikia mnaguna, na mna haki: kuzima feni Mishomoroni mwezi wa Februari ni ibada. Lakini hewa inayotembea ndiyo inayobeba ukungu, kwa hiyo fanyeni kazi hii alfajiri, nyumba ikiwa imetulia. Majirani wakiwaona na glavu, kisu na vichupa saa kumi ya usiku, waelezeni mapema.

Kitunda kisugueni kwa sabuni, kilowekwe kwenye Jik na maji sehemu sawa kwa dakika 20, kisha kiingizwe sandukuni. Kisu na kibanio vichomwe kwa kibatari cha spiriti nje ya sanduku, kamwe si ndani, na mikono yenye spiriti isikaribie moto. Wala msichanganye Jik na siki au spiriti. Mvuke wake ni sumu. Haya mawili nawaomba wazazi wayasimamie wenyewe, wasiwaachie watoto. Pasua kitunda, chota mbegu kwa ncha ya kisu, tandaza juu ya agari, funga, andika jina na tarehe.

Kisha chupa zikae mahali penye mwanga usio jua. Chini ya mabati, rafu ya juu hugeuka tanuri, basi tumieni rafu ya chini, karibu na dirisha la kivulini. Baada ya wiki kadhaa vumbi lile linavimba na kugeuka vipunje vya kijani, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, chenye vinyweleo vyeupe kwa chini. Hakina mzizi bado, hakina jani, ni tumbo tu linalokula. Halafu ncha inachomoza. Miche ikisongana, ihamishiwe chupa mpya yenye chakula kilekile kilichoongezwa ndizi mbivu iliyopondwa. Kutoka mbegu hadi kutoka chupani hesabu karibu mwaka.

Kutoka chupani ndipo wengi huua kile walichokilea. Mche umezoea unyevu kamili. Ukiutoa Januari, Kaskazi ikivuma na jua likiwaka, siku mbili umekauka. Toeni mvua za masika zinapoanza, Aprili au Mei. Kwa hiyo mhesabu kinyumenyume, na anayetaka kutoa Mei apande Juni ya mwaka uliotangulia. Osheni agari yote kwa maji ya vuguvugu, pandeni kwenye vipande vidogo vya makumbi na mkaa, funikeni kwa kopo linaloonyesha ndani, mkilifunua kidogo zaidi kila siku.

Neno kuhusu makumbi na maji, na hili ni la Mishomoroni hasa. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na chumvi huua mzizi wa okidi pole pole bila kukuonya. Chukueni makumbi ya nazi iliyofuliwa nyumbani, yaloweke maji ya mvua na kuyabadilisha mara kadhaa. Maji ya visima vyetu mnayajua ladha yake. Kama chai yake haipendezi, okidi nayo haipendi. Wekeni pipa chini ya mfereji wa paa, mmwage maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha kunguru, mkinge yanayofuata.

Hoja ya nne: msitegemee utajiri

Nitaipita haraka, maana najua swali la bei liko midomoni mwenu. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mitatu kwa okidi zenye haraka, na hufika saba kwa nyingine. Mwenye haja ya pesa ya karo ya Januari afuge kuku. Na tukumbuke vanila ya Uganda: mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilipaa, watu wakalala mashambani na rungu kulinda mivanila yao, wengine wakavuna mbichi kwa hofu ya wezi, kisha bei ikaanguka na mashamba yakaachwa.

Faida ninayoiona ni nyingine. Ukigawa fundo la okidi chui, vipande vyote ni mmea uleule mmoja. Ugonjwa unaokiua kimoja utaviua vyote. Mbegu huleta ndugu wasiofanana: mwenye madoa mengi, mwenye machache, anayestahimili kiangazi na asiyestahimili. Kwa mmea unaopungua, tofauti hizo ndizo kinga. Hata CITES yenyewe haiiwekei masharti yake miche ya okidi kama hizi iliyooteshwa chupani na kusafirishwa humo humo ikiwa safi, kwa kuwa hakuna msitu uliopoteza kitu. Na mwenye kitalu atakayekuwa na miche ya namna hiyo atamwangalia mnunuzi machoni akiulizwa ilitoka wapi.

Kuanzia sasa

Bwana Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu, kisha nawaachia wenye maswali.

Kwanza, okidi chui ambazo tayari ziko kwenye nyua za watu wa Kisauni ziorodheshwe, ili zikichanua tuchavushe ua la nyumba hii kwa chavua ya nyumba ile. Wenye nyumba watapata ua lao na kitunda kimoja tu ndicho tutakachoomba. Pili, sanduku moja na sufuria moja ya presha viwekwe mahali ambapo walimu wa sayansi wa shule zetu wanaweza kuviazima. Somo la bakteria litaeleweka zaidi kwa siku moja kuliko kwa muhula mzima wa ubao. Tatu, mahali mti mkubwa unapokatwa kupisha ujenzi, na Mishomoroni ujenzi haulali, mtu apige simu kwa wenzake kabla shina halijafanywa mkaa. Mwenye kiwanja akiridhia, na mamlaka ikishauriwa, okidi zilizoanguka na mti zipate pa kwenda.

Miche itakayopatikana nusu iuzwe na wenye vitalu, nusu ifungwe kwenye miembe na mibuyu ya hapa kwa uzi wa makumbi, upande usiopigwa na jua la alasiri. Aliye sekondari leo akipanda mwaka huu, huenda akamaliza shule kabla hajaona ua, basi aandike jina la mdogo wake kwenye chupa.

Vitunda nilivyo navyo vitakuwa tayari kabla ya Kusi kushika. Atakayetaka kujaribu aniachie jina pale mlangoni, na siku ya kupanda aje na chupa yake: ya kioo, yenye kifuniko cha bati, imeoshwa hadi harufu ya jemu imekwisha.